Programu za Kompyuta: Kununua Mara Moja au Kulipa Ada?



Kompyuta sasa imeingia katika ofisi za viwanda, katika stoo za mashamba makubwa, na hata katika ofisi za vyama vya wafanyakazi. Ndani yake mna programu, yaani maagizo yanayoiambia mashine ifanye nini: kupanga mishahara, kuandika barua, kuweka orodha ya wanachama. Programu nyingine hutengenezwa na makampuni makubwa ya dunia. Nyingine hutengenezwa na watu wachache wanaojitegemea, pengine mmoja au wawili tu. Leo tunaeleza juu ya hao wadogo, na juu ya mgogoro ulio kati yao na wanunuzi wao: je, programu iuzwe mara moja, au ilipiwe ada kila mwezi au kila mwaka?

Jambo hili linatuhusu kwa pande zote mbili. Mtengenezaji anayejitegemea anaishi kwa jasho lake kama sisi. Na mnunuzi anaweza kuwa tawi letu wenyewe.

Tuanze na mtengenezaji. Tuseme ameuza programu yake kwa dola 45, akapata wanunuzi 1,000. Hizo ni dola 45,000. Lakini si zote zinazomfikia. Duka la programu la kampuni ya Apple, lililofunguliwa mwaka 2008, lilikuwa likikata senti 30 katika kila dola. Tangu mwaka 2021 wauzaji wadogo, ambao mapato yao hayazidi dola milioni 1 kwa mwaka, wanaweza kujiandikisha wakakatwa senti 15. Mwaka wa pili wanunuzi wapya hupungua, lakini wale 1,000 bado wanataka makosa yasahihishwe na maswali yao yajibiwe. Tena Apple hutoa kila mwaka mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta zake, na programu isiyorekebishwa huweza kuharibika bila mtu yeyote kuigusa. Basi kazi inaendelea, lakini mshahara umekoma.

Ndiyo sababu watengenezaji wa Ulysses, programu ya waandishi inayotoka katika kampuni ndogo ya mji wa Leipzig, Ujerumani, waliacha kuuza mara moja mwezi Agosti 2017. Programu iliyouzwa kwa dola 45 hivi kwa kompyuta, sasa ikawa inalipiwa dola 40 hivi kila mwaka. Wanunuzi wengi walinung'unika.

Sasa tutazame upande wa mnunuzi. Dola 40 kwa miaka 5 ni dola 200. Hata hivyo, fedha si jambo zito kuliko yote. Jambo zito ni hili: ukiacha kulipa, unabaki na nini? Mwenye panga lake, hata akikosa senti mfukoni, panga ni lake. Mwenye programu ya ada anaweza kufungiwa mlango. Tawi lililoweka daftari la wanachama ndani ya programu ya namna hiyo linaweza kujikuta halina daftari, siku ada inapochelewa. Ulysses haifungi mlango kabisa: aliyeacha kulipa bado anaweza kuyasoma maandishi yake na kuyatoa, ila hawezi kuendelea kuandika humo. Si programu zote zilizo hivyo.

Je, hakuna njia ya kati? Ipo, na ilipatikana kwa sauti ya wengi. JetBrains ni kampuni iliyoanzishwa na watunga programu watatu mjini Prague mwaka 2000, nayo hutengeneza zana za kazi za watunga programu wengine. Mwanzoni mwa Septemba 2015 ilitangaza kwamba zana zake zitatolewa kwa ada tu. Wateja walipinga kwa wingi, wakasema hawawezi kukodi zana zinazowapa riziki. Kabla ya mwezi huo kwisha, kampuni ilibadili masharti. Mtu akilipa miezi 12 mfululizo, anapata haki ya kuendelea kutumia daima toleo lililokuwapo alipoanza kulipa, hata akiacha ada. Matoleo mapya tu ndiyo asiyoyapata.

Njia nyingine ni ile ya REAPER, programu ya kurekodia sauti na muziki, inayotengenezwa na kikundi kidogo nchini Marekani. Leseni ya mtu binafsi ni dola 60, hulipwa mara moja. Anayenunua wakati wa toleo la 7 hupata marekebisho mpaka mwisho wa toleo la 8. Baada ya hapo, akitaka mapya hulipa tena. Asipotaka, hukaa na lile lake.

Kwa hiyo, kabla tawi halijatia sahihi, katibu na mweka hazina waulize mambo matatu. Kwanza: tukiacha kulipa, programu itaendelea kufanya kazi? Pili: tunaweza kuyatoa majina na mahesabu yetu wakati wowote, na kuyafungua kwa programu nyingine? Tatu: bei ikipandishwa, tutaarifiwa muda gani kabla? Majibu yawe kwa maandishi, si kwa mdomo.

Sisi tunalipa ada ya chama kila mwezi, kwa sababu kazi ya kutetea haki haiishi siku moja. Basi tusimnyime mtengenezaji ujira wa kazi inayoendelea. Lakini ada yetu huacha kitu nyuma yake: mkataba uliokwisha kusainiwa hauchanwi kwa sababu mwanachama mmoja amechelewa kulipa. Na muuza programu tumdai vivyo hivyo. Alipwe kwa kazi yake, na aliyekwisha kumlipa asiondoke mikono mitupu.