Mswaki kwa mgonjwa aliye kwenye mashine

Mgonjwa wa Kashuga, mashariki mwa Kongo, akizidiwa hupelekwa hospitali ya Mweso; akihitaji mashine ya kupumulia, safari haina budi kuendelea hadi Goma, barabara ikipitika. Mashine yaweza kumwokoa, lakini mrija uliopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa humwondolea kinga yake ya asili: hakohoi sawasawa, na koo haliwezi kujifunga. Mate yenye bakteria hujikusanya juu ya kiputo kinachoushikilia mrija, kisha hupenya pembeni mwake, tone baada ya tone, hadi mapafuni. Nimonia inayozuka baada ya saa 48 kwenye mashine hutokana zaidi na uchafu huo wa kinywani mwake. Ndiyo maana nashikilia kwamba kinga yake kubwa ni kazi ya mikono, na hospitali maskini isikae kusubiri vifaa vya bei kubwa.

Dawa ya kusukutulia ya klorheksidini ilitumiwa miaka mingi kwa imani kubwa, lakini mwongozo wa wataalamu wa Marekani wa mwaka 2022 uliacha kuipendekeza, kwa hofu kwamba huenda inaongeza vifo. Mswaki wa kawaida ndio uliopanda hadhi: uchambuzi wa majaribio 15 uliotolewa mwaka 2024, wenye wagonjwa zaidi ya 10,000, ulionyesha kuwa kuwapiga mswaki wagonjwa hupunguza nimonia ya hospitalini kwa karibu theluthi moja, na waliofaidika zaidi ni walio kwenye mashine. Kuinua kichwa cha kitanda kuna ushahidi wenye utata. Huko Barcelona mwaka 1999, nimonia ilishukiwa kwa asilimia 8 ya walioinuliwa na asilimia 34 ya waliolazwa chali. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2006 haukuona tofauti hiyo, ila wagonjwa wake hawakufikishwa kwenye nyuzi 45 zilizokusudiwa. Mimi bado ningemwinua, isipokuwa aliyeumia uti wa mgongo au ambaye shinikizo la damu limeshuka mno. Na kila asubuhi dawa za usingizi zipunguzwe, ajaribiwe kupumua mwenyewe, kwani mrija uliotolewa mapema hauleti tena nimonia.

Wapo watakaouliza: nani atafanya haya, majeruhi wa vita wakifurika kama walivyofurika hospitali za Goma Januari 2025? Pingamizi hilo ni zito. Muuguzi mwenye wagonjwa wengi kupita kiasi huruka hata kunawa mikono kati ya kitanda na kitanda, kwa hiyo kuongeza wauguzi nako ni kinga ya nimonia. Kutegemea antibayotiki za mapema si jibu, maana huzalisha bakteria sugu ambao wadi nzima itawalipia. Hata Mweso, mtoto aliyepoteza fahamu kwa malaria ya ubongo yumo katika hatari hiyo hiyo bila mashine yoyote: mama mwenye huruma akimnywesha uji kwa kijiko huku amelala chali, uji huingia mapafuni. Mama huyo aelezwe siku ile ile ya kulazwa kwamba mtoto alazwe ubavu, asipewe kitu mdomoni mpaka muuguzi ahakikishe anameza, na kinywa chake kisafishwe asubuhi na jioni.