Mbio za asubuhi na kipande cha keki

Je, msomaji, wewe ni miongoni mwa wale wanaokimbia katika msitu wa Karura Jumamosi asubuhi, kisha wakaingia duka la keki jasho halijakauka? Usione haya. Hata mimi daktari hupitia huko.

Lakini hebu tupige hesabu. Mtu wa kilo 70 hutumia takriban kalori 70 kwa kila kilomita anayokimbia. Kilomita 5, basi, ni kalori 350. Kipande kinene cha keki ya krimu chaweza kufika 400, na hapo hujagusa chai. Ndiyo maana wengine hunilalamikia kwamba wamekimbia miezi sita na suruali bado inawabana!

Je, uache kukimbia? La hasha. Faida ya mbio kwa moyo na kwa shinikizo la damu haifutwi na keki. Kula nusu, mwenzako ale nusu.

Anayenitia wasiwasi ni mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au tembe kama glibenklamaidi. Mbio zaweza kushusha sukari yake mno, hata saa kadhaa baadaye. Atatetemeka, atokwe na jasho baridi, kichwa kizunguke. Hapo keki si dawa, kwa kuwa mafuta yake huchelewesha sukari kuingia katika damu. Ikiwa ni wewe, beba glukosi au peremende mfukoni. Pima sukari kabla ya kutoka nyumbani, na ikiwa chini ya 5, kula kitu kwanza.