Tramadoli si Mdogo Wake Panadol

"Dokta, nipe ya maumivu makali lakini isiyo na uraibu. Tramadoli inatosha, mofini sitaki." Nimechoka na ombi hili. Anayelitoa anadhani dawa inayotuliza zaidi ndiyo inayonasa zaidi, basi mofini ni jini na tramadoli ni Panadol iliyochangamka.

Uraibu haupimwi kwa ukali wa kutuliza. Kinachopimwa ni jinsi dawa inavyopendwa. Watafiti huwachukua watu wazima waliowahi kutumia dawa za jamii ya afyuni kwa kulewa, ila hawajawa tegemezi. Kwanza hupewa naloksoni, inayozima afyuni mwilini. Atakayepata arosto anarudishwa nyumbani. Wanaobaki hupewa kwa zamu dawa inayochunguzwa, dawa inayojulikana kupendwa, na kidonge kisicho na kitu, bila wao wala mtoaji kujua kipi ni kipi. Kisha kila baada ya muda huulizwa: sasa hivi unaipenda kiasi gani? Hujibu kwa kuweka alama kwenye mstari wa 0 hadi 100. Alama ya 50 maana yake haipendezi wala haichukizi. Kilele ndicho kinachotazamwa zaidi. Mwisho huulizwa kama wangeinywa tena.

Angalia nani hayumo humo: mgonjwa wa saratani. Alama hizo ni za watu waliozoea kutafuta kulewa, si zake.

Tramadoli yenu ilianza kuuzwa Ujerumani mwaka 1977, ikaingia Marekani 1995 bila kuwekwa kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa. Katika majaribio ya mapema ilidungwa kwenye msuli, na waliodungwa hawakuonyesha kuipenda. Vizuri, lakini nani mtaani anadunga tramadoli? Watu wanameza! Ikimezwa hupita kwenye ini, na kimeng'enya kiitwacho CYP2D6 huigeuza kuwa kemikali inayoshika vipokezi vya afyuni kwa nguvu kuliko tramadoli yenyewe. Majaribio ya baadaye, ya kumeza, yalionyesha kwamba watu wanaipenda, ila stimu inachelewa. Marekani iliiweka kwenye orodha mwaka 2014, miaka 19 baadaye. Na kimeng'enya hicho hurithiwa: wapo wenye kukitoa kwa wingi, hasa miongoni mwa Waethiopia, na wapo wasiokuwa nacho kabisa. Kwa hiyo ushuhuda wa jirani yako kwamba "mimi hainifanyi kitu" ni habari za ini lake, si lako. Na dozi? Ghana na Nigeria zilikuta mitaani vidonge vya miligramu 225. Kapsuli ya kawaida ni ya 50. Hiyo ndiyo dawa mnayoiita laini.

Haya, mnachoweza kufanya. Maumivu ya kawaida: parasetamoli kwa dozi kamili na kwa saa zake, au ibuprofeni kama figo na tumbo ni salama. Tramadoli inunuliwe kwa cheti tu, isichanganywe na pombe wala diazepam. Sema kama una kifafa au unatumia dawa za sonona. Mtoto wa chini ya miaka 12 asipewe. Ukiwa umeitumia wiki kadhaa usiikate ghafla. Daktari ataipunguza kidogo kidogo. Maumivu ya saratani: mofini ya maji, ile inayotolewa katika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inywewe kwa saa, isisubiri mgonjwa alie. Na siku hiyohiyo inapoanza, omba dawa ya kulainisha choo, maana mofini hufunga tumbo na hali hiyo haizoeleki.