Mpanda na dini za waliohama

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 mkoani Katavi. Miaka 10 kabla yake walikuwa 564,604. Makarani waliuliza umri, elimu, mifugo, hata aina ya choo, dini hawakuigusa. Swali hilo liliondolewa baada ya sensa ya 1967 na halijarudi, ingawa mwaka 2012 baadhi ya Waislamu walilidai kwa nguvu na wengine wakagoma kuhesabiwa. Kwa hiyo anayekwambia kwamba Mpanda, mji mkuu wa mkoa huo, ina Wakatoliki asilimia kadhaa na Waislamu asilimia kadhaa anakisia, na mara nyingi hukisia akiwa na upande.

Sisi tunaochunguza dini na jamii tumezoea kufanya kazi bila takwimu hiyo, na kusema kweli hatujapoteza mengi. Ingetuonyesha nani anasali wapi. Isingetuambia dini inamfanyia nini anayeishika. Kwa Katavi ninaona swali lenye faida zaidi ni hili: mtu alifikaje hapa, na alipofika alipokelewa na nani?

Wenyeji wa zamani, Wabende, Wapimbwe, Wakonongo na Watongwe, walikuwa na mizimu yenye makazi yake: mlima, ziwa, mti. Mpaka leo, chini ya mkwaju karibu na Ziwa Katavi ndani ya hifadhi ya taifa, watu huacha sadaka kwa Katabi, mzimu ambao jina lake limeenea mpaka kwenye hifadhi na mkoa. Tatizo la mizimu ya namna hii ni kwamba mtu akihama, au akikamatwa na kuuzwa, hawezi kuubeba mlima wake.

Na karne ya 19 wengi walikamatwa na kuuzwa. Mababa Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipokabidhiwa ngome ya Wabelgiji pale Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, waumini wao wa mwanzo hawakuwa watu waliokaa wakapima mafundisho ya dini mbili na kuchagua moja. Wengi walikuwa watoto waliokombolewa utumwani na watu waliokimbia vita, wasio na baba wala mjomba wa kuwasemea. Misheni iliwapa shamba, mchumba na mahali pa kuzikwa. Hizo ni kazi za ukoo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Adrien Atiman. Alitekwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa na mapadre Algeria, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889. Alioa binti wa ukoo wa kichifu wa Wabende, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956, na mwanawe akawa padre. Sasa mweke kando ya Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Yeye alichukuliwa mtumwa utotoni kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa hilohilo, akapelekwa Bagamoyo, akainuka kuwa kiongozi mkubwa wa tarika ya Kiislamu ya Kadiria, ambayo ilienea barani kwa njia ileile ya misafara ya watumwa hadi Tabora na Ujiji. Watoto wawili waliong'olewa kwao: mmoja akapata ukoo kanisani, mwingine kwenye zikri. Ukiwasoma kwa vitabu vya akida utawaona wako mbali. Ukiwasoma kwa maisha yao, ni ndugu.

Mpanda mjini ilikua baadaye, kwa mgodi wa risasi na reli iliyofika kutoka Kaliua mwaka 1950. Mgodi ukafungwa, mji ukabaki. Kisha wakaja Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Makazi ya wakimbizi ya Katumba yalifunguliwa mwaka 1973, Mishamo mwaka 1978. Mwanaanthropolojia Liisa Malkki alifanya utafiti Mishamo na Kigoma mjini katikati ya miaka ya 1980, na kitabu chake cha 1995 bado ni lazima kwa yeyote anayesomea taaluma hii. Aligundua kwamba ndani ya makazi wakimbizi walisimuliana kila siku historia ya taifa lililodhulumiwa, na utambulisho wao ukawa mgumu kama mwamba. Wenzao wa mjini, waliokimbia mauaji yaleyale, walijichanganya na kuvaa jina lolote lililowafaa. Kilichotofautiana ni mahali walipokaa na majirani waliowapata. Serikali ya Tanzania ilipoamua kuwapa uraia zaidi ya watu 160,000 kati ya wakimbizi hao wa 1972, ilibadili pia mazingira hayo.

Ndiyo maana ninawatilia shaka wanaoeleza amani ya dini katika mikoa hii kwa kusema Watanzania ni wapole. Amani ina mitambo yake: familia zenye ndugu wa dini mbili, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inayowaruhusu watu wa dini tofauti kuoana bomani, vyama vya kufa na kuzikana ambavyo huuliza kama umelipa ada na si unasali wapi. Pale mitambo hiyo inaposhindwa, chanzo huwa kidogo cha kushangaza. Mwaka 2013 huko Buseresere, Geita, ugomvi ulizuka juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa, na mchungaji akauawa. Akida ilikuwapo, lakini pamoja nayo ilikuwapo biashara, na swali la nani anaheshimiwa sokoni.

Hata hivyo watafiti tumeutazama mno mpaka kati ya msikiti na kanisa. Kusini mwa Katavi, katika Ufipa yenye Wakatoliki wengi, mwanaanthropolojia Roy Willis aliwakuta katika miaka ya 1960 watu wa Kamchape wakipita vijijini kusaka wachawi na kuwanywesha watu dawa, na makala yake ya 1968 inaonyesha kijiji kikijipanga upya kwa hofu hiyo. Kamchape haikuhitaji dini ya pili ili kukigawa kijiji. Mtuhumiwa alikuwa mtu wa karibu, jirani au ndugu, na siku ya Jumapili huenda mlikaa naye benchi moja. Ufadhili wa utafiti wa "migogoro ya kidini" ni nadra kumfikia bibi anayetuhumiwa na wajukuu zake, kwa sababu kwenye fomu wote wamejaza dini moja.