Tusikikanyage Kifaru cha Mtoto

Nilipokuwa mwanafunzi kijijini Embu, niliunda kifaru cha vita kwa kigogo cha uzi wa cherehani. Nilichonga meno ukingoni, nikapitisha tundunì ukanda wa tyubu ya baiskeli, kisha nikaufunga kwa vijiti, kimoja kirefu kikitenganishwa na kigogo kwa kipande cha mshumaa. Nilipousokota ukanda na kukiachilia, kifaru kilitambaa hata kikapanda daftari. Mwalimu wangu alikikanyaga, akisema shule si mahali pa michezo.

Leo mimi pia ni mwalimu, na nauliza: ni somo gani lililokosekana mle? Ukanda ulihifadhi nishati, nta ikapunguza msuguano, meno yakashika ardhi.

Hesabu nazo zimo. Meli ya Faina, iliyotekwa na maharamia mwaka 2008 na kutia nanga Mombasa mwaka 2009, ilibeba vifaru 33 vya aina ya T-72. Kiwiliwili cha kifaru hicho kina urefu wa karibu mita 7. Kwa kipimo cha 1:35, mwanafunzi atakata bati la sentimita 20. Huo ndio uwiano.

Wako watakaosema twafundisha vita. La hasha! Asiyetaka kifaru na aunde tingatinga au gari la miraa.

Walimu wenzangu wa Meru na Embu, mtaala wa umilisi wadai kazi ya mikono. Lakini mzazi akiinunua kazi hiyo dukani, aliyejifunza ni nani?