Jina la Baba Halipigi Kura

Wahenga walinena kuwa jina jema hung'ara gizani. Ni kweli, lakini mimi naongeza kuwa jina laweza kukufungulia mlango, ila haliwezi kukupigia kura. Msomaji mpenzi, hebu tumtazame marehemu Joseph Nyagah, mwana wa Mbeere, hapa kwetu Embu.

Joseph alizaliwa mwaka wa 1948. Baba yake, mzee Jeremiah Nyagah, alikuwa mwalimu aliyesoma Makerere. Mwaka wa 1958, mkoloni akiwa bado anatutawala, mzee alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Baada ya uhuru alikuwa waziri kwa miaka mingi, hata wa Kilimo. Alipostaafu mwaka wa 1992, kiti cha Gachoka kilimwendea mwanawe Norman. Mwaka wa 1997 kikamwendea Joseph, naye akakikalia vipindi viwili. Baba na wana wawili, kiti kimoja! Hapo watu wakaanza kusema, "Huyo wa Nyagah hashindwi."

Kumbe! Mwaka wa 2007 Joseph alijiunga na viongozi wakuu wa ODM, bega kwa bega na Raila Odinga. Wapiga kura wengi wa Embu na Meru nao walikuwa upande wa Mwai Kibaki. Kiti cha Gachoka kikaenda kwa Mutava Musyimi, na Joseph akaingia bungeni kwa kuteuliwa. Katika serikali ya muungano alikuwa Waziri wa Ushirika hadi 2013. Hii si wizara ndogo jamani, kwani karo za wengi wetu hutokana na kahawa inayopelekwa ushirika.

Mwaka wa 2017 aligombea urais bila chama. Alikuwa wa tatu, lakini hakupata hata kura moja katika kila mia. Aliaga dunia Desemba 2020.

Je, tunajifunza nini? Wengine wetu huogopa kugombea hata ukiranja, ati kwa sababu baba ni kibarua tu na hajulikani kokote. Wenzangu, mzee Jeremiah mwenyewe alianza na chaki mkononi. Na wewe ambaye baba yako anajulikana, usilale. Mpiga kura hukumbuka jina la baba, lakini siku ya kura hukuuliza wewe umesimama wapi.