Tumbo Likikata Ghafla Usiku
Ndugu wanakikundi, maumivu makali ya tumbo yanayoanza ghafla si ya kunywea chai ya tangawizi na kulala. Utumbo ukijisokota, au damu ikiganda kwenye mshipa wake, kwa muda wa saa 6 hivi unaweza kufa. Tena mwanzoni tumbo likibonyezwa huwa laini tu, na mgonjwa analia!

Hospitali kubwa hupiga picha ya siti skani. Mgonjwa hudungwa dawa mshipani, halafu eksirei inamzunguka. Utumbo wenye damu hung'aa, ule ulioikosa hubaki na giza. Mwenye shida ya figo aseme mapema. Sisi wa Musanda, tuweke kando pesa za gari. Na njiani msimlishe, huenda akapasuliwa.